Kituo cha kuokoa wanyama kimetukabidhi mbwa mgonjwa na kadi ya chanjo ya kughushi

Wakuu, nilitaka hili tulimalize kwa simu. Sasa wameniblock, basi naliweka hapa.

Kuna kituo Dar es Salaam kinachojitangaza kuokoa mbwa wa mitaani na kuwatafutia familia. Jina nalihifadhi mpaka malalamiko yafike panapohusika. Tulipokwenda kuchukua mbwa tuliulizwa maswali kama watu wanaoomba mkopo benki: nyumba ni yenu au mmepanga, uzio upo, mchana nani atabaki naye? Wakaja mpaka nyumbani kukagua geti. Hilo sina neno nalo, mbwa aliyeteseka lazima ujue anakwenda kwa nani. Nikatoa "mchango" wa laki moja na nusu, nikakabidhiwa kadume ka kahawia na kadi yake. Dada wa pale akasema, "Huyu kamaliza chanjo zote."

Kesho yake tu akagoma kula. Akatapika povu la njano, kisha akaanza kuhara damu, harufu yake imejaa nyumba nzima. Daktari wa mifugo akampima akakuta parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Akawekewa dripu, usiku akafa mikononi mwa mke wangu. Parvo mbwa akishaambukizwa huchukua siku kadhaa kabla ya kuonyesha dalili, kwa hiyo ugonjwa huu kaja nao kutoka kwao. Na virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi na miezi, hata nikidekia jiki kila siku siwezi kuleta mtoto mwingine wa mbwa kwenye uwanja huu.

Kilichonichemsha damu ni ile kadi. Daktari aliishika, akaniuliza, "Stika ziko wapi?" Mbwa akichanjwa, kile kibandiko cha kwenye kichupa chenye jina la chanjo na namba yake hubanduliwa na kubandikwa kwenye kadi, daktari anasaini na kugonga muhuri. Hapa hakuna stika hata moja. Tarehe zote zina mwandiko mmoja na wino mmoja, saini haina jina. Halafu wameandika kazaliwa katikati ya Januari, na chanjo ya kichaa cha mbwa kapigwa mwanzoni mwa Februari. Mtoto wa wiki tatu! Chanjo hiyo kwa kawaida hutolewa kuanzia wiki ya 12.

Binti yangu alikwaruzwa na meno ya huyo mbwa wakicheza. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, hakuna kupona. Kwa hiyo mtoto anachomwa sindano hospitali kwa sababu mtu alikaa na peni akajaza kadi. Nilipompigia msimamizi akanijibu, "Mbwa akishatoka getini ni wako," akakata.

Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 na tuna Baraza la Veterinari. Nataka huyo aliyesaini ajulikane, kama ni daktari aliyesajiliwa au ni mfagia mabanda. Na banda lile lifungwe mpaka lipulizwe dawa, maana wenzake wa uzao ule bado wanagawiwa.

Uliyechukua mbwa pale karibuni, fungua kadi yako sasa hivi utafute stika. Kama hazipo, mpeleke kwa daktari leo, usisubiri agome kula, kisha nitumie PM picha ya kadi. Barua naipeleka ofisi ya mifugo ya wilaya Jumatatu na nataka niziambatanishe zote.