Natafuta mtu wa kukaa na mtoto baada ya shule tu, si kutwa. Mnafanyaje?

Mama Wawili:
Habari zenu wazazi wenzangu. Mwanangu wa darasa la kwanza anatoka shule saa saba na nusu mchana. Mimi nafika nyumbani saa kumi na moja na nusu, hapo nimeshampitia mdogo wake chekechea. Huyo mdogo hana shida, wanakaa naye mpaka jioni. Kinachonitesa ni hayo masaa manne ya mkubwa.

Kila yaya ninayeongea naye anataka kazi ya kutwa na mshahara wa mwezi, na simlaumu. Kituo cha kulelea watoto nacho kinatoza siku nzima hata mtoto akiingia mchana. Halafu mume wangu anafanya kazi kwa zamu: wiki akiingia asubuhi anamchukua mwenyewe, wiki ya zamu ya mchana ndiyo balaa. Mliopitia haya naombeni ushauri. Msiniambie niache kazi, hilo mama mkwe ameshalisema.

Da Zu:
Pole mamii. Yaya wa kutwa muache, huyo anaendesha maisha yake kwa mshahara huo. Tafuta mtu ambaye masaa manne ndiyo anayoyataka: mwalimu mstaafu, mwanafunzi wa chuo, au mama mwenye mtoto shule hiyo hiyo. Mwanafunzi ni mzuri ila ratiba yake hubadilika kila muhula, na mitihani ikifika humuoni. Mimi nilimpata mama mwenzangu pale pale getini. Alikuwa anakuja kumchukua wake kila siku, kwa hiyo wangu hakumwongezea safari.

Ila hilo la zamu liangalie. Ukimwita wiki hii na kumwacha wiki ijayo, atapata kwingine na utabaki unalalamika. Mlipe kiasi fulani hata wiki ambazo humhitaji.

Baba Pili:
Sisi tunachangia mlezi mmoja na jirani. Yeye anapata zaidi ya ambacho familia moja ingempa, sisi kila mmoja anatoa pungufu. Lakini kubalianeni mambo madogo mapema. Ushirika wetu nusura uvunjike kwa sababu ya mafua! Wa kwangu alikuwa anatiririka kamasi, jirani hataki wake akae naye chumba kimoja, mlezi kasimama mlangoni hajui amsikilize nani. Sasa tumeandika: mwenye homa anabaki kwao, na kila mzazi analipa nusu yake mtoto awepo asiwepo. Na atakayechelewa kumfuata wake analipia muda uliozidi.

Mwalimu wa Zamu:
Naongea kama mwalimu. Yeyote utakayempata, mlete shuleni mwenyewe umtambulishe kwa mwalimu wa darasa, na uache barua yenye jina lake na namba ya simu. Mtoto wa darasa la kwanza simkabidhi kwa mtu anayesema "nimetumwa na mama yake", hata kama mtoto anamrukia kwa furaha. Uliza pia siku za michezo au masomo ya ziada, maana shule nyingine zinabaki na watoto siku hizo, na masaa ya kumlipa mtu yanapungua. Na chukua kalenda ya muhula kabla hamjapatana bei. Likizo huwakuta wazazi wengi hawajajipanga, wakati tarehe zilishatolewa.

Mama Wawili:
Asanteni sana. Hilo la getini halikunijia kabisa, kwa sababu asubuhi anapelekwa na baba yake na mimi sijuani na mzazi hata mmoja pale. @Da Zu, mama mwenzako ulimwanzaje habari ya pesa? Mimi ningeona aibu.

Da Zu:
Nilimuuliza kwanza kama angependa kazi ya masaa hayo, nikataja malipo ya kwa saa hapo hapo. Akasema "aah, niletee tu huyo mtoto". Nikakataa! Msaada wa bure huwezi kuulalamikia ukichelewa, wala huwezi kumuuliza mtoto alishindaje. Tukaanza kwa wiki moja ya majaribio, na malipo kila Ijumaa, si mwisho wa mwezi. Mume wako akiwa zamu ya asubuhi mwambie awahi getini, asikae kwenye gari, asalimiane na watu.