Nataka kuanza kusubu vichwa vya risasi za .38 Special: nianzie wapi?

shabaha_houston

Wakuu, habari zenu. Nipo Texas, nina rivolva ya .38 Special yenye mtutu wa inchi 4, ya shabaha tu. Kujaza risasi upya nimeshazoea: maganda nayaokota uwanjani, praima (kiwashio cha baruti) na baruti nanunua, vichwa ni vya dukani vya greni 158 (kama gramu 10). Kinachoniumiza ni bei ya hivyo vichwa, kwa hiyo nataka kuvisubu mwenyewe.

Fundi matairi amenipa ndoo ya vyuma vya kubalansi magurudumu, kama kilo 25 hivi, havijachambuliwa. Vifaa vya kuyeyushia sina hata kimoja. Ninunue nini kwanza, na kipi ni cha kupoteza hela? Vichwa nivipake grisi au rangi ya unga? Na nyumbani kuna watoto wawili wadogo, hilo pia naomba mlizungumzie bila kunificha.

kalibu_moto

Karibu mkuu. Umeanzia pazuri, maana .38 Special mwendo wake ni wa taratibu na mwanzo wake ni rahisi kuliko 9mm.

Kabla ya moto, chambua hiyo ndoo. Zamani vyuma vya balansi vilikuwa ledi (madini ya risasi) karibu vyote. Siku hizi kuna chuma na zinki nyingi ndani yake. Vya chuma vingi vimeandikwa Fe, vya zinki Zn, lakini usitegemee maandishi peke yake. Chukua koleo la kukatia waya ukibane kila kimoja ukingoni. Ledi inaingia meno bila taabu, zinki inateleza na kubaki na alama ndogo, chuma hakishtuki. Vile vya kubandika kwa gundi tenga pembeni: vilivyo vya ledi ni karibu ledi tupu na ni laini sana. Vya klipu ndivyo unavyovitaka: vina antimoni asilimia 3 hivi na bati chini ya asilimia moja, ugumu wake kama 12 kwa kipimo cha Brinell. Kwa .38 hiyo inatosha na kubaki. Ukitoa klipu na takataka, usitarajie kilo 25 zibaki 25. Kilo moja safi inatoa vichwa 97 vya greni 158.

Kusafisha ni kazi moja na kusubu ni kazi nyingine, usizichanganye kwenye sufuria moja. Uchafu wa vyuma vya balansi ukiingia kwenye chungu cha kumiminia kwa chini, utavuja hadi ukichukie. Kwa kusafisha tumia jiko la gesi la nje na sufuria ya chuma cha kusubu au chuma kizito. Ya aluminiamu usithubutu, inaweza kuachia chini na kilo zote zikamwagika kwenye miguu yako. Jaza ikiwa ya baridi, vyuma vikiwa vikavu, kisha washa. Ledi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, zinki kwenye 419. Kaa chini ya 370, na kipande cha zinki kilichokuponyoka kitaelea juu pamoja na klipu, kiopoe haraka. Kwa hiyo kipimajoto ni kifaa cha lazima. Zinki ikishayeyuka humo, ujiuji unageuka mzito kama uji wa shayiri na hautajaza kalibu (chombo cha kufinyangia vichwa) vizuri tena.

Klipu zikishatoka, tupia kijiko kikubwa cha vumbi la mbao la msonobari lililokauka kabisa, liache liungue liwe mkaa, koroga kwa kijiti kikavu ukikwangua kuta na chini. Rudia mara mbili. Ile ngozi ya kijivu inayong'aa juu msiiteke mkatupa kama wengi wafanyavyo, humo ndimo bati lilimo. Vumbi la mbao linalirudisha ndani. Kinachotupwa ni unga mweusi unaobaki. Mimina kwenye trei za keki za chuma. Trei mpya iliyopakwa bati hushikana na ledi, iache kwanza ishike kutu kidogo.

Vya kununua: chungu cha umeme, cha kampuni ya Lee cha ratili 10 (kilo 4.5) kinakutosha, cha ratili 20 ni bora ukiwa na mpango wa kuendelea. Namba zilizo kwenye kitufe chake si nyuzi joto, ni namba tu. Kalibu ya aluminiamu ya Lee yenye matundu mawili, TL358-158-SWC, pamoja na pete ya kusawazishia kipenyo cha kichwa, ya inchi 0.358. Kalibu ya matundu sita ni tamu lakini inataka mkono uliozoea. Kipimio cha ugumu na mashine ya kupakia grisi acha kwanza, hizo ndizo hela za kupoteza.

mama_ghala

Kuhusu watoto, ndugu yangu. Watu wanaogopa moshi, ila kwenye nyuzi 370 hadi 400 mvuke wa ledi ni kidogo mno. Hatari ni vumbi: ule unga unaokwangua juu ya chungu, mikono, nguo, soli za viatu. Unauingiza ndani, mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, tangu 2021 kinahesabu mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu ya mtoto kuwa ni kiwango cha kuchukuliwa hatua, na hicho ni kidogo sana.

Kwa hiyo: nje au gereji iliyo wazi pande mbili, kamwe si jikoni. Viatu na shati la kazi hiyo vikae gerejini na vifuliwe peke yake. Taka za juu ya chungu ziingie kwenye kopo lenye kifuniko, usizifagie zikiwa kavu. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi kazi ikishapoa. Usile, usinywe, usivute sigara, hata maji ya chupa yakae mbali. Kunawa ni kwa maji ya baridi na sabuni ya kuondolea ledi, ipo ya D-Lead. Na usisahau kwamba maganda yaliyopigwa nayo yana ledi ya praima: ile mashine ya kuyasugulia ikitumika kavu ndani ya nyumba, inaweza kuwadhuru watoto kuliko chungu chako. Pima damu yako kabla hujaanza, ili ujue baadaye kama imepanda.

Betri za gari usiziguse hata ukipewa bure. Asidi, kalisi, aseniki, na gesi za sumu zinazoweza kutoka humo si za kuchezea nyumbani.

Na maji. Tone moja la maji likizama chini ya ledi iliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kurusha chungu kizima hewani. Ingoti (kipande cha ledi iliyogandishwa) yenye unyevu, kijiko chenye umande, jasho la paji la uso, vyote ni hatari hiyohiyo. Vaa ngao ya uso, glavu za ngozi, mikono mirefu ya pamba (nailoni huyeyukia mwilini), na viatu vilivyofunika mguu. Ukiongeza ingoti chunguni, iweke kwanza ukingoni ipate moto.

shabaha_houston

Asanteni sana. Nimenunua chungu cha ratili 20 na kalibu niliyoelekezwa, ledi nimeshasafisha. Vichwa vya kwanza vimetoka na mikunjo kama ngozi ya kiazi kilichonyauka, na pembe za kitako zimekuwa za mviringo. Nilipoongeza moto vikaanza kutoka vyeupevyeupe kama vina barafu, na vingine vina kipapi (utepe mwembamba wa ledi) ubavuni. Nikosoeni.

kalibu_moto

Mikunjo ina sababu mbili: kalibu baridi au mafuta ya kiwandani bado yamo ndani. Iogeshe kwa maji ya moto, sabuni ya vyombo na mswaki, ikauke kabisa kabisa, ndipo uishike. Kisha pasha: chovya pembe ya kalibu kwenye ledi, mwanzoni itaganda pale, ikifika wakati unaitoa na haijashika kitu, iko tayari. Watu wanaharakisha hapa halafu wanailaumu ledi. Joto la kalibu lina uzito kuliko joto la chungu, na linatunzwa kwa mwendo wako. Jaza na tupa mara tatu au nne kwa dakika, bila kusimama kukagua kila kichwa. Kagua mwisho.

Kitako cha mviringo: miminia kwa ukarimu, kikonyo (ledi ya ziada inayobaki juu ya tundu) kiwe kama nusu ya gololi juu ya bamba la kukikatia, maana ledi ikiganda inasinyaa na inanyonya kutoka kwenye kikonyo. Pia legeza skrubu ya bamba kidogo, liwe linazunguka kwa uzito wake. Likibana sana hewa haina pa kutokea. Kama bado, ongeza bati. Vyuma vya balansi vinapenda asilimia 1 hadi 2 zaidi: kwa kilo 9 tia gramu 90 hadi 180. Lehemu ya mabomba ya maji ya 95/5 ni bati asilimia 95 na antimoni 5, inafaa. Zaidi ya hapo ni kumwaga pesa.

Weupe wa barafu si kosa, ni joto limezidi kiasi. Kichwa kikiwa kimejaa, kitumie, hasa ukipaka rangi ya unga, inashika vizuri zaidi. Ukitaka ving'ae, kaa kwenye nyuzi 370 hadi 385 na punguza mwendo. Juu ya 400 bati linaungua upesi kuliko faida yake.

Kipapi ni kalibu haikufunga. Tafuta chembe ya ledi kwenye nyuso zinazokutana, iondoe kwa kijiti cha mbao kalibu ikiwa ya moto. Bisibisi itaikwaruza na hapo imekwisha. Bamba nalo, ukilifungua kabla kikonyo hakijakauka litapakaza ledi juu ya kalibu. Subiri kipoteze mng'ao, kisha hesabu sekunde tatu au nne. Kichwa kikigoma kutoka, gonga bawaba ya mpini kwa kijiti, si kalibu yenyewe.

mtutu_safi

Niongezee kwenye kipimo, kwa sababu wengi wakiona ledi imeganda kwenye mtutu wanakimbilia mchanganyiko mgumu. Mara nyingi tatizo ni kichwa chembamba: gesi inapita ubavuni, inakiyeyusha na kuipaka mtutu. Kichwa kigumu mno kwenye risasi ya taratibu kinazidisha, kwa kuwa kitako hakitanuki kuziba. Kwenye rivolva anza kupima midomo ya silinda, yaani matundu ya mbele ambako kichwa hutokea. Kichwa cha 0.358 kipite kwa kusukuma na kidole, kikwame kidogo. Kikidondoka chenyewe, midomo ni mipana na unahitaji pete kubwa zaidi. Kupima mtutu wa Smith & Wesson kwa kalipa kunasumbua, mifuo yake (mifereji ya ndani inayokizungusha kichwa) ni mitano na hakuna miwili inayotazamana.

Grisi au rangi? Kalibu yako ya TL imebuniwa kwa Liquid Alox, grisi ya majimaji: matone machache, zungusha kwenye kopo, acha usiku kucha yakauke. Nafuu, lakini inanata na ina moshi. Rangi ya unga haina moshi na mikono inashika ledi kidogo. Tia vichwa kwenye kopo la plastiki lenye alama ya namba 5 na vigololi vyeusi vya plastiki vya bunduki za airsoft, kijiko cha unga, tikisa kwa duara dakika moja, vitoe kwa kibanio, uoke nyuzi 200 za Selsiasi kwa dakika 20 ukihesabu tangu rangi ilipoanza kung'aa. Oveni hiyo isirudi jikoni tena. Rangi huongeza kipenyo kwa 0.002 hivi, kwa hiyo pete inapita baada ya kuoka. Kujua kama imeiva, ponda kimoja kwa nyundo: rangi ikimenyuka magamba, haijaiva.

Kwenye kujaza: tanua mdomo wa ganda kidogo zaidi ya ulivyozoea kwa vichwa vya shaba, la sivyo ganda litakwangua ledi. Kipimo cha baruti kichukuliwe kwenye ukurasa wa vichwa vya ledi vya uzito huo na umbo hilo, anzia chini.

glock_mwananchi

Samahani kuingilia uzi. Vichwa vya kujisubia hivi vinapita kwenye bastola ya Glock 9mm? Na kuna mdogo wangu yuko Mwanza, mwingine yuko Ohio kwa viza ya masomo, wote wanataka kujifunza.

mtutu_safi

Glock wenyewe wanakataza ledi isiyovikwa koti kwenye mitutu yao. Wapo wanaopitisha ya rangi ya unga, ila aliye makini hununua mtutu wa kampuni nyingine wenye mifuo ya kawaida. Kwa 9mm sawazisha kwa 0.356 au 0.357, kisha dondosha risasi iliyokamilika kwenye mtutu uliotolewa: iingie kwa mlio na itoke yenyewe.

Wa Mwanza aache. Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai chini ya sheria ya 2015 ya silaha na risasi, na Kenya nao wana sheria yao. Wa Ohio naye aache: sheria ya shirikisho inamzuia mwenye viza ya muda kumiliki silaha au risasi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji, na katika sheria hiyo kichwa peke yake, ganda tupu na praima vyote vinahesabiwa kuwa risasi. Mwenye kadi ya kijani hazuiwi na kifungu hicho. Na wewe shabaha_houston, kujitengenezea mwenyewe hakuhitaji leseni ya shirikisho, ila ukianza kuwauzia wenzako uwanjani unatakiwa leseni ya mtengenezaji, aina ya 06.