Mtoto wa darasa la nne kupelekwa Bagamoyo kuona magofu, ni elimu au hela inapotea?

MamaPacha: Habari wakuu. Shule ya wanangu imeleta barua ya ziara Bagamoyo, magofu ya Kaole na Karavanserai ile kambi ya zamani ya misafara, elfu arobaini kwa kichwa. Kwenye grupu la wazazi baba mmoja kaandika mtoto wa miaka tisa ataona mawe tu, bora wakaogelee. Mimi natamani waende ila wawili ni elfu themanini hiyo, naombeni mawazo.

Mwl wa Tegeta: Dada lipa. Mwaka jana nilipeleka darasa langu Kaole, kuna kitoto darasani hakinyooshi kidole kabisa, kikaweka kiganja kwenye ukuta wa msikiti wa kale, kikakuta ni mawe ya matumbawe, kikaniuliza mwalimu kumbe hawa walijenga kwa bahari? Mimi kwa kitabu sijawahi kupata swali kama lile. Msikiti wa karne ya 13 huo, Mreno hajafika bado! Na wajue pale ndipo watumwa walipobwaga moyo wakakata tamaa, jina la Bagamoyo ndo likatokea hapo.

Mnyamwezi Halisi: Mwalimu hapo kwenye jina umeteleza na ndo mnachowalisha watoto. Kubwaga moyo ni kutua mzigo roho ikapumzika. Babu zetu wapagazi walitoka Unyanyembe kule Tabora na pembe za ndovu mabegani, miezi kwa mguu, wakiiona bahari wanajua wamefika wanalipwa. Kila ziara ya Bagamoyo ni minyororo minyororo, Mnyamwezi hatajwi kwa nini??

Mtu wa Pwani: Usitufutie watumwa ndugu. Mapadri walifika 1868 wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa palepale Bagamoyo, sasa hao walitoka wapi kama watu walikuwa wanakuja kupumzika?

Mnyamwezi Halisi: Nani kafuta? Nionyeshe nilipoandika hakukuwa na utumwa. Nimesema JINA. Unasoma nusu halafu unapandisha.

Mtu wa Pwani: Napandisha ndiyo, maana bibi yake mama yangu alikufa hajui kwao ni wapi, aliletwa pwani mdogo. Sasa mtoto aende mpaka pale aambiwe watu walitua mizigo wakafurahi, arudi nyumbani na hilo tu? Inauma.

Mwl wa Tegeta: Pole sana ndugu yangu. Ila Mnyamwezi naye ana haki yake, wapagazi wengi walikuwa watu wa ujira sio watumwa, na mimi watoto niliwapa maana moja tu kwa sababu nikiwa la tano niliambiwa hiyohiyo.

Mnyamwezi Halisi: Hapo sawa mwalimu. Nashukuru.

MamaPacha: Jamani mimi niliuliza umri na hela 😭 Ila Kulwa anasoma hapa begani kwangu tangu mlipoanza kubishana, sasa anauliza hao wapagazi miezi yote hiyo walikuwa wanavaa viatu? Kaka Mnyamwezi mjibu mtoto.