Mnaowasolvia watoto homuweki kwa hela hapa Mwanza, acheni!!

Wakuu habari za jioni. Nina hasira na naandika nikiwa na hasira hivyo hivyo, mods mkiona nimekosea jukwaa hamisheni ila naomba msifute.

Kuna biashara imeota mizizi hapa jijini na hakuna anayeisema. Igoma ipo, Mabatini ipo, Buhongwa ipo, Nyegezi nimeambiwa ipo. Karibu na sekondari utakuta stesheneri, zamani walikuwa wanatoa fotokopi na kuuza kalamu na counter book basi, siku hizi mtoto anaingia na daftari la fizikia au la hesabu, jamaa anapiga picha swali, mtoto anatoa jero au buku kutegemea na wingi wa maswali, baada ya muda mfupi anapewa karatasi yenye majibu yote anaenda kunakili kwenye daftari. Wengine hata fremu hawana, wako kwenye magrupu ya WhatsApp, tuma swali, tuma hela kwa simu, subiri majibu. Maswali yakiwa mengi unapunguziwa kama mtu anayenunua dagaa kwa jumla pale soko la Mwaloni. Na hela yenyewe ni ya nauli au ya kula shuleni, mzazi huku nyuma anajua mwanae amekula.

Nimesoma ualimu, fizikia na hesabu, nimemaliza chuo bado nasubiri ajira kama wenzangu wengi humu, kwa sasa niko kwenye duka la vifaa vya umeme. Jioni watoto wa mtaani kwetu wanakuja na madaftari nakaa nao kibarazani. Hela sichukui. Kwahiyo hizi karatasi mnazowauzia nazishika mkononi mimi, naona mlichoandika.

Wiki hii dogo wa kidato cha kwanza kaniletea moja. Swali linasema kipande cha mbao kina ujazo wa sentimita za ujazo 80, densiti yake (masi ya kila sentimita moja ya ujazo) ni gramu 0.6, kinaelea kwenye maji, tafuta ujazo wa sehemu iliyo juu ya maji. Jibu alilouziwa ni 48, limepigiwa mistari miwili chini, safi kabisa. Na ni la uongo!

Twende pamoja hata kama uliacha fizikia zamani. Masi ya hiyo mbao ni 0.6 mara 80, gramu 48. Kitu kinachoelea kinasogeza maji yenye uzito sawa na uzito wake chenyewe, kwahiyo maji yaliyosogezwa ni gramu 48, na kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya maji ina gramu 1, basi sehemu iliyozama ndo 48. Swali limeuliza ya juu. 80 toa 48 ni 32. Yaani aliyesolvu kafika katikati ya njia akaona namba akaipigia mstari, hakurudi hata kusoma swali limeuliza nini, kachukua hela ya mtoto kasepa.

Ila hilo kosa sio linaloniuma zaidi, hata mwalimu darasani anakosea. Kinachoniuma ni kwamba nilimuuliza dogo kwanini wamezidisha 0.6 na 80 akanyamaza. Nikamuuliza kuelea ni nini, kimya. Ameinakili karatasi nzima kwa mwandiko mzuri na hajui hata mstari mmoja umetoka wapi.

Na huyu ni mtoto ambaye mama yake anafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, mitumbwi ameiona tangu hajajua kusoma! Nikaachana na daftari nikamuuliza, mtumbwi mtupu na mtumbwi uliopakia magunia upi umezama zaidi? Akajibu hapo hapo, wenye magunia. Kwanini? Mzito. Sasa mbona haujazama wote? Akafikiri, akasema maji yanausukuma. Enhee! Ukiongeza magunia unashuka, ukishuka unasogeza maji mengi zaidi, maji nayo yanasukuma kwa nguvu zaidi, mpaka pale nguvu ya maji inapolingana na uzito wa mtumbwi na mzigo wake ndo unatulia. Ukizidisha mpaka maji yanaingia kwa juu, hapo umekwisha. Tukaenda kwenye meli, chuma densiti yake ni kama kilo 7,800 kwa mita ya ujazo na maji ni 1,000, msumari ukiudondosha ziwani unakwenda chini moja kwa moja, sasa inakuwaje MV New Mwanza, lichuma lile la kubeba abiria 1,200 na mzigo tani 400, linaelea? Akasema mwenyewe, kwa sababu ndani liko wazi, lina hewa, umbo lake linasogeza maji mengi. Nikamrudisha kwenye mbao yake. Akaipata 32 bila mimi kushika kalamu, halafu akaniuliza na ingekuwa densiti 0.9 si ingezama karibu yote? Mnaona? Mtoto anayeuliza swali kama hilo ana shida gani ya kichwa? Hana. Alikuwa amekosa mtu wa kukaa naye nusu saa.

Mwingine binti wa kidato cha pili. Swali limempa log 2 ni 0.3010 na log 3 ni 0.4771, linamtaka atafute log 6. Unatakiwa ujue 6 ni 2 mara 3 basi unajumlisha hizo mbili unapata 0.7781, ndo somo lenyewe hilo, kwamba kuzidisha kunageuka kujumlisha. Karatasi ya dukani imeandikwa 0.77815125038. Mwalimu gani atashindwa kujua hiyo imetoka kwenye mashine? Mtu kapiga picha swali kaweka kwenye programu ya simu, kanakili kilichotoka na madesimali yake yote, hata namba alizopewa kwenye swali hajazigusa. Na hesabu ya kidato cha nne kikokotoo hakiruhusiwi kwenye chumba cha mtihani, anaingia na kitabu cha table za NECTA (Baraza la Mitihani) basi. Siku hiyo nyie wa stesheneri mtakuwa wapi?

Maana matokeo tunayaona kila mwaka wakuu. Hesabu ya kidato cha nne miaka ya karibuni anayefaulu ni kama mmoja kati ya wanne. Na kufaulu penyewe kunaanzia alama 30, ukipata 30 kati ya 100 una D yako unahesabiwa umefaulu. Yaani robo tatu ya watoto wetu hawafikishi hata hiyo 30. Hilo ndo shimo, halafu kuna mtu mzima kaona fursa ya buku ndani yake.

Kuna Samia Scholarship kwa wanaofanya vizuri sayansi kidato cha sita, ni jambo jema na nalisifia, lakini ili ufike huko unapitia kidato cha kwanza na cha pili huku mtaani, na huku ndo mtoto anakwama kwenye desimali na hesabu za sehemu anakosa wa kumshika mkono. Mtoto amesoma hesabu kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, anaingia sekondari kila kitu Kiingereza, swali anaweza akawa analiweza kabisa ila halielewi limesema nini. Nusu ya kazi yangu hapa kibarazani ni kuwasomea swali tu! Nikishawaeleza linataka nini wengine wanachukua kalamu wanaondoka wenyewe.

Walimu wenzangu nao sitawaacha. Najua darasa lina watoto themanini na kitu, najua madaftari hayasahihishiki yote, hilo sibishani nalo. Lakini unatoa maswali thelathini ya mada ambayo umeigusa kipindi kimoja, kesho yake unapita unaweka tiki pale penye kazi bila kusoma, ulitegemea nini? Mtoto anajifunza haraka sana kwamba kinachotakiwa ni daftari kujaa. Ungetoa matatu ukayasahihisha ubaoni na darasa zima, nani angeenda dukani? Na wale wachache mnaobakiza mada makusudi ili ziuzwe twisheni jioni, mnajijua, na watoto wanajua pia, wanatuambia.

Halafu kuna wakubwa wa nyumbani. Dogo anakuja kuuliza hesabu za sehemu unamjibu "hata hilo hulijui, we kilaza kweli", akirudi mara ya pili unamwambia umechoka. Hatarudi ya tatu. Ataenda kwa mwenye simu anayechukua hela na hamtukani. Kwakweli hapo hata mimi ningeenda.

Jambo lingine linalonichefua, mnauza vitu vya bure. Baraza la Mitihani wanaweka kwenye tovuti yao zile taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, wanaonyesha mtahiniwa aliyepata alivyofanya na aliyekosa alikosea wapi, na picha za majibu yenyewe zimo. Kwa mwanafunzi wa hesabu na fizikia ni dhahabu kabisa. Nyie mnazipakua, mnatoa fotokopi mnabana na stepla mnauza kama siri mliyoipata wenyewe. Gharama ya karatasi na wino sawa, chukueni, lakini mwambieni mtoto ziko bure. Vitabu vya kiada navyo Taasisi ya Elimu wameviweka maktaba mtandao yao. Na maktaba ya mkoa ipo pale mjini, wangapi humu mmewahi kumpeleka mtoto?

NYONGEZA, naona komenti zimekuwa nyingi najibu kwa pamoja:

Mkuu uliyesema ni biashara kama biashara nyingine na mteja kaja mwenyewe. Mteja wako ana miaka kumi na minne. Muuzie kalamu, muuzie graph paper, muuzie mkebe, hata ukitaka mfundishe kwa hela, twisheni ya haki sijaipinga popote, kaa naye umweleze na ulipwe jasho lako. Kumuandikia jibu akanakili sio kumfundisha, na umemchukulia hela yake juu.

Uliyesema nina wivu kwa sababu sina ajira, sijaelewa wivu unaingiaje, sijafungua duka mimi.

Dada uliyeuliza mzazi mwenyewe aliishia la saba na hesabu za sekondari hazijui afanyeje, asante, hili ndo swali nililokuwa nalisubiri. Huhitaji kuijua hesabu dada yangu. Mwambie mwanao akae hapo unapokatakata mboga akueleze swali linataka nini, wamempa nini, yeye ameanzaje. Mwache aongee. Akikwama utamsikia amekwama, mwambie aweke alama pale pale alipokwamia, kesho asubuhi amfuate mwalimu na hiyo alama, asiseme "sijaelewa" tu maana mwalimu hatajua aanzie wapi, aseme "mwalimu nimefika hapa, mstari unaofuata umetokaje". Walimu wengi hawana roho ya kumfukuza mtoto aliyekuja hivyo. Na siku ukikuta daftari lina majibu mazuri ghafla, chagua swali moja mwambie alifanye upya mbele yako kwenye karatasi tupu. Utajua papo hapo kama alilinunua.

Kaka uliyeuliza kuhusu akili mnemba kama nayo ni mbaya. Mimi naitumia. Ukiiuliza ikueleze kwanini hatua fulani imefanyika inasaidia, hasa mtoto akiwa peke yake usiku, ila inakosea na inakosea kwa kujiamini, kwahiyo mtoto asiye na msingi hawezi kuikamata. Ajaribu kwanza kwa mkono wake, akikwama aulize ile hatua tu, halafu jibu likija alirudishe kwenye swali aone kama linakaa. Kwenye ile mbao, 32 na 48 zikijumlishwa zinarudi 80. Kuhakiki hivyo ni sekunde chache, aliyemuuzia dogo hakuhakiki.

Na wewe uliyekuja inboksi kuniomba niwe nakusolvia maswali ya wateja wako tugawane nusu kwa nusu, jina lako sitalitaja humu, ila jibu ni hapana, na usinitafute tena.

Walimu wenzangu mnaosubiri ajira, mko wengi Mwanza hii, Ilemela mpo, Nyamagana mpo, mpaka Sengerema na Ukerewe huko najua mpo, kama una jioni mbili kwa wiki na kibaraza andika mtaa wako hapa chini tu na somo lako, namba ya simu usiweke hadharani, tutawasiliana. Naanza mimi: Igoma, fizikia na hesabu, kidato cha kwanza mpaka cha nne. Watoto waje na daftari na walichojaribu wenyewe hata kama ni mstari mmoja na umekosewa, na mzazi aje nao siku ya kwanza tuonane.