Tupeane uzoefu: siku mwalimu mkuu wenu alipohama

Mwalimu wa Jiografia, Amu

Assalamu aleikum, ndugu walimu na wanafunzi wa zamani. Barua ya uhamisho ya mwalimu mkuu wetu ilifika wiki iliyopita, na tangu hapo chumba cha walimu kimetanda ukimya ambao sijui niuite wa huzuni au wa kushusha pumzi. Amekaa nasi miaka sita. Alitoka bara, kwa ule utaratibu wa Tume ya Huduma ya Walimu ulioshika kasi mwaka 2018 wa kuwapeleka walimu wakuu nje ya kaunti zao, na mwaka wake wa kwanza ulitutaabisha sote.

Siku ya kufungua shule aliwafungia lango wanafunzi wa bweni kutoka Faza na Kizingitini waliofika magharibi, asijue kwamba boti yao ilingoja maji yajae ndipo ipite Mkanda, mlango wa bahari ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, kwa kuwa yakipwa mlango ule hauna kina cha kutosha. Watoto wakalala kwa jamaa zao katika mtaa wa Langoni. Nilipomweleza jambo hilo, alinikemea mbele ya wenzangu kwa sauti iliyosikika hadi madarasani. Sijaisahau siku hiyo, na sitajisingizia kuwa nimeisahau kwa sababu tu anaondoka.

Hata hivyo, muhula uliofuata nilikuta ofisini mwake ratiba ya maji kujaa na kupwa imebandikwa ukutani, na kila siku ya kufungua shule baada ya hapo alikaa mwenyewe langoni mpaka boti ya mwisho ifike, hata ikiwa ni usiku. Hakuniomba radhi kwa maneno. Naomba mnieleze: ninyi mliagana vipi na kiongozi aliyewaumiza na kuwafaa?

Mwanafunzi wa zamani, Shela

Mwalimu, kisa chako kimenikumbusha mwalimu mkuu wetu, mama mmoja mkali ambaye hakuvumilia hina mikononi mwa wasichana. Nilirudishwa nyumbani siku tano kwa ajili ya hina ya arusi ya dada yangu, nikakosa mitihani miwili, na mpaka leo naona hakunitendea haki, kwani msichana wa Amu hawezi kumwoza dada yake mikono ikiwa mitupu. Alipotangaza paredini kwamba anahamishwa, tulirudi bwenini tukapiga vigelegele.

Wiki moja baadaye mama yangu ndiye aliyenifungulia siri. Nilipokuwa kidato cha tatu, ami yangu alikuwa amekwisha kupokea posa yangu, na mwalimu mkuu alikuja kwetu mara tatu, akakaa barazani na wazee mpaka adhana ya magharibi, akiwaomba waningoje nimalize kidato cha nne. Nami nilikuwa nimeshapiga vigelegele. Sikupata nafasi ya kumwona tena.

Mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule, Malindi

Kwetu ilikuwa kinyume. Aliyeondoka alipendwa mno; wanafunzi walilia, wengine wakamsindikiza hadi barabara kuu, nami nililia nao. Alijua kila mtoto kwa jina na hakumfukuza hata mmoja kwa karo. Baada ya makabidhiano ndipo tulipoona ghala tupu, muuza mahindi anadai, na sisi walimu wa bodi hatujalipwa miezi mitatu.

Najua fedha za serikali, zile shilingi 22,244 zilizopangwa kwa kila mwanafunzi wa kutwa kwa mwaka, huja kwa mafungu na aghalabu huchelewa, na sina ushahidi kwamba aliiba chochote; nadhani huruma yake ilizidi hesabu zake. Lakini mwenye nyumba wangu hakukubali huruma iwe kodi. Aliyemfuata alianza kuwarudisha watoto nyumbani kwa karo, wakamchukia, na ni yeye aliyenilipa. Nampenda wa kwanza hadi leo, na bado namdai.

Mzazi, Mokowe

Mimi ni mzazi, nawaomba walimu mniwie radhi kwa kuingilia. Wanangu watatu wamesomeshwa na walimu wakuu watano, na linaloniuma ni kwamba kila mmoja wao anapoanza kuzijua bahari yetu na mila zetu, barua hufika. Anayefuata huanza upya, na watoto wetu ndio anaojifunzia.

Mwalimu wa Jiografia, Amu

Ahsanteni. Maneno ya mzazi wa Mokowe ndiyo yaliyonisukuma jana kuingia ofisini mwa mwalimu mkuu wetu alipokuwa akifunga makaratasi. Nilimwambia kwamba aliponikemea siku ile aliniumiza. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema amekuwa akijua, na kwamba aliona haya kurudi kwenye jambo hilo mbele ya walimu. Akaniuliza kama ile ratiba ya maji aibandue au aiache. Nilimwomba aiache, nikamsaidia kubeba maboksi mpaka gatini.