Je, dawa ya matone ya jicho yaweza kumbana kifua mgonjwa wa pumu?

Muulizaji, Langoni, Lamu
Assalamu alaykum. Mama yangu ana pumu tangu ujana wake na hutumia salbutamoli ya kuvuta. Hivi karibuni alipimwa macho, akaonekana ana presha ya macho, akaandikiwa matone ya timololi asubuhi na jioni. Tangu aanze kuyatia, kifua humbana usiku, na pampu iliyokuwa ikimfungua mara moja sasa haimsaidii sana. Jamaa wanasema ni upepo wa kusi. Je, tone linalotiwa jichoni laweza kufika kifuani?

Mfamasia, Malindi
Wa alaykum salaam, dada. Laweza, na mama asitie tone jingine kabla ya kuonana na daktari, leo hii. Akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, msingoje miadi; mpelekeni hospitali papo hapo.

Moyo, mapafu na mboni huendeshwa na neva zisizongoja amri yetu, nazo zina pande mbili. Upande wa simpathetiki hupeleka ujumbe kwa kemikali iitwayo noradrenalini, ikisaidiwa na adrenalini inayotoka katika tezi zilizo juu ya figo. Upande wa parasimpathetiki hutumia asetilikolini. Ujumbe huo wa simpathetiki hupokewa na vipokezi, yaani sehemu za seli ambazo kemikali hizo hushika. Moyoni vipo zaidi vya beta-1, vinavyoongeza mapigo, na katika misuli ya njia za hewa vipo vya beta-2, ambavyo vikiamshwa misuli hulegea na hewa hupita. Salbutamoli huamsha vya beta-2. Timololi huziba aina zote mbili bila kuchagua. Jichoni hilo ndilo linalotakiwa, kwa kuwa maji yanayotengenezwa ndani ya jicho hupungua, lakini kifuani asetilikolini hubaki ikizibana njia za hewa bila kupingwa, na pampu hukuta vipokezi vimekwisha kukaliwa.

Kuhusu njia inayopita: tone ni kubwa kuliko nafasi iliyopo jichoni, basi linalozidi huteremka kwa mfereji wa machozi hadi puani, likanyonywa na kuingia katika damu bila kupitia ini kwanza kama kidonge kinavyopitia. Kwa hiyo dawa ya asilimia 0.5 tu, ambayo wengi huidharau, haifai kabisa kwa mwenye pumu.

Muuguzi wa macho, Malindi
Naunga mkono. Wasio na pumu hufundishwa kufumba jicho na kubonyeza pembe iliyo karibu na pua kwa dakika mbili hivi, ili dawa isiteremke. Lakini kwa mama yako hiyo si kinga ya kutosha. Nasisitiza pia kwamba jicho lisiachwe bila tiba, kwa sababu uoni unaopotea kwa presha ya macho haurudi. Mwulizeni daktari kuhusu latanoprosti, ambayo haigusi vipokezi vya beta.

Muulizaji, Langoni, Lamu
Nashukuru sana. Tunaondoka naye sasa. Mzee mmoja wa mtaani ameshauri avute moshi wa majani ya mnanaha. Je, una madhara?

Mfamasia, Malindi
Tafadhali asivute. Ushauri huo haukuzuka bure, kwani mnanaha una atropini na skopolamini, ambazo huizuia asetilikolini, na majani yake yalivutwa zamani kwa ajili ya pumu huko India na Ulaya. Tatizo ni kwamba kiasi cha dawa hutofautiana kati ya jani na jani. Kikizidi, moyo huenda mbio na akili huchanganyikiwa. Tena dawa hizo hupanua mboni, na katika jicho ambalo njia ya kutolea maji ni nyembamba, presha yaweza kupanda ghafla. Daktari akitaka kuizuia asetilikolini anayo ipratropiamu ya kuvuta, yenye kipimo maalumu, na hata hiyo isirukie machoni.

Mchukueni mama pamoja na chupa ya matone na pampu yake, daktari asome majina mwenyewe.