Ukoo wa Bibi Kidawa: Safari ya Arobaini

Shangazi Zuhura, 19:42
Assalaam alaykum wana ukoo. Arobaini ya Mama ni Jumamosi, Usangi. Kosta imepatikana, ya Juma. Tunaondoka Mbezi Ijumaa saa 11 alfajiri. Saa 11 ya watu wote, siyo saa 11 ya Idd. Nauli kwenda na kurudi 70,000. Tumeni kwangu na MUANDIKE JINA, mara ya mwisho hela imeingia inasoma jina la duka la vipuri, mpaka leo sijui ni ya nani.

Shangazi Zuhura, 20:20
Mmesoma watu 23. Aliyejibu hakuna.

Mama Asha, 20:31
Waalaykum salaam wifi. Dereva ni nani?

Shangazi Zuhura, 20:31
Gari la Juma, dereva Juma. Kwani vipi?

Mama Asha, 20:33
Nimeuliza tu.

Idd, 20:34
Mbuzi wa Makanya na yeye ameshalipa nauli? 😂😂

Halima, 20:34
Idd!

Kassim, 20:36
😂 huyo anakaa siti ya dirishani

Shangazi Zuhura, 20:37
Sitaki mambo ya mbuzi humu. Ajali hiyo ni ya 2019. Nauli.

Mama Asha, 20:41
Ya 2019 kwako wifi. Mimi mkono huu mpaka leo nikianua nguo haufiki kwenye kamba. Mkachanga hela ya matibabu, bili ya hospitali akalipa mume wangu. Ile michango ilikwenda wapi sijawahi kuuliza, na leo siulizi.

Idd, 20:42
Umeshauliza hapo

Asha, 20:50
Shikamoo Shangazi. Naomba niseme kama nesi, siyo kama mtoto wa mama. Ba'mdogo Juma ana sukari, humu ndani hakuna asiyejua. Anatumia vidonge vya kushusha. Akimeza alfajiri, akaondoka bila kula kwa kuwahi, mpaka Korogwe sukari inaweza kuwa imeshuka vibaya. Ikifika chini ya 4 (mmol/L kwenye kipimo) mtu anatetemeka, anatoka jasho jembamba, anaanza kujibu vitu havieleweki. Na macho yako wazi, kwa hiyo wa nyuma wanaona dereva yupo. Mwenyewe hajijui. Si kosa lake.

Shangazi Zuhura, 20:52
Mama yako amekutuma.

Asha, 20:53
Hapana Shangazi. Kazini tunafundishwa: anayetumia dawa hizo apime kabla ya kushika usukani, iwe 5 au zaidi, na kila saa mbili apime tena. Mkoba mdogo tu, kipimo na glukosi. Nitakuja nacho mimi.

Idd, 20:55
Si mpande ndege mpaka KIA? Kule rubani hali makande akasinzia

Kassim, 20:58
Anko Idd, Februari 2024, Lufthansa, Frankfurt kwenda Seville. Kapteni kaenda chooni, msaidizi kabaki peke yake, akazimia. Abiria 199, dakika 10 ndege inajiendesha yenyewe. Kapteni yuko nje ya mlango anabonyeza namba, hafunguliwi.

Halima, 20:59
Weeee

Idd, 20:59
Alijifungia nje kama Mwl. Hussein siku ya Maulidi 😂😂😂

Mwl. Hussein, 21:00
Ule mlango ulikuwa na kasoro.

Halima, 21:01
Wakafa?

Kassim, 21:03
Hapana, msaidizi alizinduka akafungua, kapteni akatua Madrid. Oktoba mwaka huohuo kapteni wa Turkish Airlines alifariki angani, wanatoka Seattle kwenda Istanbul. Alikuwa amepimwa afya Machi, akafaulu. Wakatua New York salama kwa sababu pale mbele alikuwepo mwingine anayejua kazi. Point yangu hiyo. Kupima sawa, dada Asha, ila kinachookoa ni mtu wa pili. Mabasi ya mikoani safari ikizidi masaa 8 yanatakiwa madereva wawili. Sisi Mbezi mpaka Usangi, na foleni ya Chalinze, na swala, na Idd kushuka kila petroli stesheni, tutafika saa ngapi?

Idd, 21:04
Kibofu changu kisitajwe kwenye kikundi

Shangazi Zuhura, 21:06
Dereva wa pili analipwa na nani? Mtu wa kukodi anataka posho, chakula, pa kulala siku mbili. Hapo ni 8,000 zaidi kila kichwa na hata 70,000 yenyewe sijaiona. Kassim wewe si una leseni, ushike wewe.

Kassim, 21:07
Leseni yangu ya gari dogo Shangazi. Trafiki wa Segera ataniweka ndani, Jumamosi mnisomee na mimi.

Halima, 21:08
Sasa likitokea, mtu aliyekaa mbele anafanyaje? Mimi ndiyo hukaa pale, natapika nyuma.

Kassim, 21:15
Kosta ya Ba'mdogo ni ya gia za mkono na breki ya mkono ni ya kuvuta, iko kati. Kwanza shika usukani, usiukate kwa pupa. Mguu wake utoe kwenye mafuta, hapo ndipo penye kazi, mtu aliyezimia ni mzito. Gia weka nyutro. Breki ya mkono vuta kidogo kidogo, ukiivuta yote mara moja matairi ya nyuma yanakamata na gari linageuka. Funguo USIZUNGUSHE mpaka gari lisimame, usukani unaweza kujifunga. Na uwahi: kwenye 80 gari linakata kama mita 22 kila sekunde. Ukisema "jamani jamani" mara tatu umeshamaliza uwanja wa mpira.

Hiyo ni barabara kuu, tambarare. Kona za Kikweni usithubutu nyutro, linashuka lenyewe. Kule lisugue ukingo wa upande wa mlima.

Halima, 21:16
Nakaa nyuma.

Mwl. Hussein, 21:18
Mabasi ya usiku je? Siku hizi yanaruhusiwa.

Shangazi Zuhura, 21:19
Mwalimu, na sufuria sita na mchele gunia mbili utabeba kichwani? Tunakwenda na kosta. Kibali cha LATRA Juma anakishughulikia kesho.

Juma, 21:24
*Ujumbe huu umefutwa*

Idd, 21:24
Umefuta nini bwana nilikuwa nasoma

Juma, 21:26
Nimesoma yote. Miaka 17 nashika usukani. Makanya mbuzi alikatiza. Kama hamnitaki semeni, gari lina wateja.

Shangazi Zuhura, 21:27
Hakuna aliyesema hakutaki mdogo wangu. Asha futa ile uliyoandika.

Asha, 21:28
Ba'mdogo shikamoo. Sijasema hivyo.

Mama Asha, 21:29
Usifute.

Idd, 21:30
Wapare hawa, mpaka arobaini ipite tutakuwa tumeshafunguliana kesi Mwanga

Baba Mkubwa Shabani, 22:03
Assalaam alaykum wanangu. Nilikuwa nimelala, mke wangu ameniamsha, amenisomea. Mimi nimeendesha malori barabara ya Zambia. Tulikuwa wawili kwenye kila gari, na aliyekosa mwenzake haingii barabarani, bosi hata akitukana. Siku ya Makanya nilikaa mbele kwa Juma. Nilimwita mara tatu. Macho wazi, hanijibu, shati limelowa kama ametoka mvuani. Hakukuwa na mbuzi. Juma ni mwanangu na gari ni zuri. Atapanda, atakaa na mimi, tutaongea njia nzima. Usukani siku ya arobaini ya shemeji yangu hashiki.

Halima, 22:05
Shikamoo Baba Mkubwa

Mwl. Hussein, 22:06
Shikamoo kaka. Tumesikia.

Kassim, 22:09
Shikamoo Baba Mkubwa.

Shangazi Zuhura, 22:31
Marahaba za wote nimeziona. Shikamoo Baba. Sawa. Basi nani anamjua dereva mzuri mwenye leseni ya abiria, atakayekubali 60,000 kwa siku? Na kibali kitaandikwa jina la nani sasa?

Kassim, 22:40
Kuna jamaa gereji, alikuwa anaendesha ya Tanga. Ngoja nimuulize kesho. Kwa 60 sidhani.

Juma, 22:58
Baba nimekusikia. Funguo ataichukua Zuhura kwangu Alhamisi. Ila gari langu haliguswi na mtu wa gereji nisiyemjua.

Shangazi Zuhura, 22:59
Juma pokea simu.

Shangazi Zuhura, 23:10
Juma nimepiga mara nne.

Mama Asha, 23:12
Wifi nimetuma 140,000, mimi na Asha. Na hizo 8,000 za dereva wa pili zimo. Jina nimeandika.

Shangazi Zuhura, 23:13
140 kwa watu wawili za dereva zimo wapi?

Mama Asha, 23:15
Toa kwenye ile ya matibabu.

Idd, 06:02
Siti zimebaki ngapi? Mke wangu anakuja na mdogo wake